Jumamosi: beji za zamani za kofia za jeshi

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunakutana saa 4 asubuhi nje ya Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Mchango ni 5,000 ya chai na vitafunwa, apewe mweka hazina.

1. Njoo na lenzi ya kukuzia, na beji yoyote unayoitilia shaka. Tutaanzia mgongoni mwa beji, tukitafuta dalili za bandia: solda iliyomwagika ovyo, au shaba iliyopakwa weusi ionekane kuukuu. Kwenye beji za Uingereza, taji lililobonyea juu katikati ni la enzi ya Malkia Elizabeth II. Muuzaji akikuapia beji hiyo ni ya 1916, mrudishie.

2. Beji za JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) zisiletwe kabisa. Sare za jeshi ni marufuku kwa raia.

Wageni, msinunue kitu kwanza, hata bei ikiwa tamu (hasa ikiwa tamu).

Nani anakuja? Andikeni "nipo" kabla ya Alhamisi jioni.