Miradi ya programu isisubiri kuunganishwa wiki ya mwisho

Mhariri,

Vyuo vingi siku hizi huwapa wanafunzi wa kompyuta miradi ya vikundi, na hilo ni jema. Kasoro iko katika uendeshaji. Wanafunzi 6 hugawana kazi mapema, huyu kurasa, yule hifadhidata, mwingine malipo, kisha kila mmoja hujifungia na sehemu yake hadi wiki ya 13. Wakikutana, mmoja amehifadhi namba za simu zikianza na 07, mwenzake 2547, na hakuna kinachosomana. Anayejua zaidi hukesha akiandika upya kazi ya wote, na alama wanapewa sawa.

Kazi iunganishwe tangu wiki ya kwanza. Kikundi kitoe programu inayofanya jambo moja tu, tuseme kusajili mwanachama wa chama, lakini iwe tayari inafanya kazi kwenye seva, kuanzia ukurasa hadi hifadhidata. Baada ya hapo kila badiliko likae kwenye tawi lake (nakala ya pembeni) la Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, siku 2 au 3 tu, lisomwe na mwanakikundi mwingine, lipite majaribio, ndipo liingie tawi kuu. Mistari 200 ya msimbo kwa badiliko inatosha. Ikifika 1,000, msomaji huandika "sawa" bila kusoma.

Mteja naye awe mtu halisi. Mweka hazina wa chama anafaa sana. Malipo yajaribiwe kwenye mazingira ya majaribio ya Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, maana huko ndiko makosa yenye mafunzo yalikojaa. Ombi la M-Pesa likitumwa, jibu la kwanza husema tu kwamba limepokelewa. Matokeo yenyewe huja baadaye, na yanaweza kuchelewa au yasifike. Kikundi kinacholichukulia jibu la kwanza kuwa malipo kitamwandikia mchango mtu aliyekataa kuweka PIN. Kisichozuia namba ya muamala kujirudia kinaweza kuhesabu shilingi zilezile mara mbili. Mwanafunzi aliyeulizwa na mweka hazina fedha hizo zimetoka wapi hatasahau.

Wiki ya 7 mteja aongeze sharti jipya, kwa mfano faini ya kuchelewa. Watalalamika. Ndivyo kazi ilivyo.

Kuhusu alama, tusihesabu maingizo ya Git, kwani ni rahisi kukata badiliko moja vipande 20. Mwalimu akae na kila mwanafunzi dakika 10, achague kipande kilichoandikwa na mwenzake, amwambie akieleze kisha akibadilishe papo hapo. Aliyekuwa akisoma kazi za wenzake ataweza.

Kwa darasa la wanafunzi 120, hizo ni saa 20 za mhadhiri. Tunaomba idara zizihesabu kuwa saa za kufundisha, ziwekwe kwenye ratiba kabla muhula haujaanza.

Wahadhiri wa uhandisi wa programu,
Mombasa