Barua ya wazi kwa vijana wa kwaya: ule ulinzi mnaouimba

Wajukuu zangu,

Kila Jumapili mnaniamkia mlangoni pa kanisa nami huwaitikia kwa furaha. Jumapili iliyopita nilipita kimya, na baadhi yenu mmeuliza kama naumwa. Siumwi. Nina uchungu.

Mliimba ile zaburi ya kuinua macho kuitazama milima, isemayo Bwana ndiye mlinzi wako. Mliiimba vizuri mpaka wageni wakafuta machozi. Benchi la tatu alikaa mama mjane wa mtaa wetu, kajifunga kitenge kile kile cha matanga. Mbele yake, safu ya besi, walisimama vijana wawili ambao mwezi uliopita walitia sahihi kama mashahidi wa kikao cha ukoo. Kikao hicho hakikufanyika. Muhtasari uliandikwa chumbani kwa mtu, ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, shemeji wa mjane akateuliwa msimamizi wa mirathi, na sasa kihamba chenye migomba, kahawa na kaburi la mumewe kinatembezewa wanunuzi. Kila shahidi alipewa shilingi 20,000. Ninyi wengine mlijua. Mmoja wenu aliniambia, "Bibi, hayo ni mambo ya ukoo, sisi tunamwachia Mungu."

Neno hilo limeninyima usingizi.

Nilikaa na hakimu miaka mingi nikiwa mzee wa baraza. Nimeona watu wakishika Biblia, wakaapa, wakadanganya bila kupepesa jicho, kisha wakatoka nje kununua maandazi. Radi haikuwapiga. Ila niliona kwamba kila uongo uliopita pale ulikuwa na watu wa kuusema na watu wa kuunyamazia, na hao wa kunyamaza walikuwa wengi zaidi. Wengi wao niliwajua kanisani.

Mnamwachia Mungu. Haya, fungueni Wafalme wa Kwanza, sura ya 21, mwone anavyoachiwa. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake. Nabothi akakataa, ni urithi wa baba zake. Yezebeli, mke wa Ahabu, akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri, akazipeleka kwa wazee wa mji ule ule wa Nabothi. Angalieni walivyoanza: walitangaza mfungo! Wakamketisha Nabothi mbele ya watu, wakaleta mashahidi wawili wa uongo, wakamtoa nje ya mji, wakampiga mawe hadi akafa. Karatasi, muhuri, mashahidi wawili, na ibada juu yake. Nilipoushika ule muhtasari wa kikao hewa mikono ilinitetemeka, maana nilikuwa naisoma sura hiyo hiyo kwa Kiswahili cha mahakamani.

Mungu hakuyazuia mawe. Hapo ndipo mhubiri anayewauzia chupa za mafuta ya ulinzi hafiki kamwe. Nabothi alikuwa mwaminifu, akafa. Lakini Ahabu aliposhuka kulitwaa lile shamba, alimkuta nabii Eliya humo humo shambani, ametumwa kumuuliza habari ya damu. Mwenye haki alikuwa kaburini na haki yake bado ilikuwa na mwenyewe. Huo ndio ulinzi ninaouamini, na nimeufikia baada ya kuzika wengi. Mungu hajaahidi kwamba jiwe halitamfikia mtu wake. Ameahidi kwamba haliwi neno la mwisho. Na kila ninaposoma najiuliza ingekuwaje kama mzee mmoja tu wa mji ule angesema, "Sitii sahihi." Pengine Mungu alikuwa tayari kumlinda Nabothi kwa mdomo wa mzee huyo, na mdomo haukufunguka.

Kuna kijana nataka mmjue. Floribert Bwana Chui, wa Goma, Kongo. Alikuwa Mkatoliki, na Kiswahili tunachoimbia ndicho kinachosemwa mitaani kwao. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Mwaka 2007 akaletewa chakula kilichoharibika, akapewa na fedha ili kipite. Alikataa fedha, akakataa chakula. Walimteka, wakamtesa, wakamuua mwezi Julai. Alikuwa na miaka 26. Yuko wapi ulinzi wake, mtauliza. Mimi nauona kwenye matumbo ya watoto wa Goma ambao hawakula sumu ile, na hawatajua kamwe. Tarehe 15 Juni 2025, jijini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo, alitangazwa mwenyeheri. Jina lake sasa tunalijua. Hao waliokuja na bahasha nani anawakumbuka?

Na Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji. Februari 1977 akauawa, serikali ikasema ni ajali ya gari. Pale kanisa kuu la Namirembe, Kampala, watu walikusanyika kumwombea kando ya kaburi lisilo na maiti. Aprili 1979 Amin alikimbia nchi. Leo Uganda hupumzika kazi kila tarehe 16 Februari kwa heshima ya Luwum.

Mengine nayataja tu. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Usiwe shahidi wa kikao ambacho hukukaa. Kijana mwenye mke, andika wosia. Na msinunue tena yale mafuta.

Wazee wa kanisa nao wasikie. Mjane huyu alikuja kwetu mara tatu, mara tatu tukamwambia aombe. Tuna kamati ya harambee ya vipaza sauti, lakini hatuna hata mtu mmoja wa kumsindikiza mjane mahakamani. Tumewafundisha watoto hawa kuimba kwa sauti nne, na palipohitajika sauti moja tukawaonyesha jinsi ya kunyamaza. Nami nilikuwa kwenye kikao hicho cha wazee, sikusimama. Nimetubu, na ndiyo maana naandika.

Ninyi wawili, sijawataja, na sitawataja. Mmoja wenu nilimshika siku ya ubatizo wake, alilia mpaka akanilowesha kifua. Siamini kwamba mnalala vizuri. Sijaja kuwatoa kwenye kwaya. Nawaambia kama bibi yenu: aliyetia sahihi ya uongo anaweza kusimama mbele ya hakimu yule yule akasema, "Kikao hakikuwepo." Nimewahi kuliona hilo likitendeka, mara moja tu, na shamba likarudi. Huenda mtachukiwa na watu wa ukoo. Huenda mtahojiwa na polisi, na sitawadanganya kwamba hamtahojiwa. Nitakaa nanyi hapo pia.

Ombi la kutengua usimamizi limeshafunguliwa, linasikilizwa Alhamisi saa tatu. Mama na mimi tutapanda daladala ya saa moja pale njia panda. Nimemwomba kondakta atuwekee viti vinne.

Bibi yenu,
mzee wa baraza mstaafu