Deni la mwalimu lipimwe kwa ngazi ya mshahara wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nijibu hoja inayorudiwa sana siku hizi, kwamba kijana anayetaka kusomea ualimu kwa mkopo apige hesabu moja tu: deni atakalotoka nalo chuoni, na mshahara wa mwaka wa kwanza kazini. Deni likizidi mshahara, basi atafute fani nyingine. Mimi ni mwalimu, na vijana huniletea swali hili kila msimu wa kuomba vyuo. Hesabu hiyo siipingi, lakini kwa ualimu inaacha nje jambo zito kuliko yote.

Mwalimu wa shule ya umma, karibu kila mahali, halipwi kwa jina la chuo alichosoma. Analipwa kwa ngazi: kiwango cha elimu na miaka ya utumishi. Nchini Marekani, miji ya Denver na Des Moines ilianza mwaka 1921 kutumia jedwali moja la mishahara la namna hiyo, wakati walimu wa kike na wa shule za msingi walikuwa wamezoea kulipwa pungufu kuliko wanaume na wenzao wa sekondari. Ulikuwa ushindi wa haki, nami nautetea. Ila mkopaji ajue maana yake kwake. Wahitimu wawili, mmoja wa chuo cha gharama kubwa na mwingine wa chuo nafuu, wakiajiriwa siku moja na shahada ya kiwango kimoja, wanaanza ngazi ileile. Mwanasheria anaweza kutumaini kwamba jina la chuo litamfungulia ofisi inayolipa zaidi. Mwalimu hana tumaini hilo, na fedha aliyokopa kwa ajili ya jina haitarudi kwa njia ya mshahara.

Tuchukue mfano wa kubuni. Walimu wawili wanalipwa dola 42,000 kwa mwaka kila mmoja, sawa na 3,500 kwa mwezi kabla ya makato. Wa kwanza anadaiwa dola 20,000, wa pili 40,000, wote kwa riba ya asilimia 6 kwa miaka 10. Wa kwanza atalipa kama dola 222 kwa mwezi, wa pili 444. Kipimo kimoja kilichotumika Marekani kukagua kozi ni kwamba marejesho ya mwaka yasizidi asilimia 8 ya kipato cha mwaka, na kwa mshahara huu hiyo ni dola 280 kwa mwezi. Wa kwanza amepita. Wa pili ameanguka, ingawa kazi, darasa na mshahara ni vilevile. Halafu wa pili akishauriwa kurefusha mkopo hadi miaka 20 ili apate nafuu, rejesho linashuka hadi dola 287 hivi, lakini jumla atakayolipa inapanda kutoka takriban 53,300 hadi 68,800. Nafuu ya mwezi inamgharimu zaidi ya dola 15,000 za ziada.

Na mtu asome hati ya mshahara ya mwalimu mstari kwa mstari, asiishie pale juu. Kuna kodi, kuna pensheni, kuna bima, kuna ada ya chama, ndipo makato ya mkopo. Kinachobaki mkononi ndicho kinacholipa pango na nauli, na mara nyingi ndicho kinachonunua kalamu na karatasi za manila darasa linapokosa. Sheria ya kodi ya Marekani yenyewe inamruhusu mwalimu kuondoa kiasi fulani (hadi dola 300 kwa mwaka wa kodi wa 2025) kwenye kipato kinachotozwa kodi kwa sababu ya matumizi hayo, ishara kwamba hata serikali inajua yanatoka mfukoni mwake.

Takwimu zinazotolewa kwa wanafunzi nazo zisomwe kwa uangalifu. College Scorecard, tovuti ya serikali ya Marekani ya kulinganisha vyuo, inaonyesha kipato cha kati cha wahitimu wa kozi pamoja na deni lao. Ni kazi nzuri na natamani kila nchi iwe nayo. Lakini inahesabu waliohitimu kozi ya elimu, wawe wanafundisha au wamehamia kazi nyingine, na kipato cha miaka ya mwanzo hakionyeshi ngazi zinavyopanda baadaye.

Kisha kuna masharti ya mkopo wenyewe. Uingereza, kwa wanaoanza chuo tangu Agosti 2023, makato ni asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000, na salio hufutwa baada ya miaka 40. Hapo ukubwa wa deni haubadilishi makato ya mwezi, unabadilisha urefu wa safari, na miaka 40 ni karibu utumishi mzima wa mtu. Marekani, sheria ya 2007 inamfutia mtumishi wa umma salio baada ya marejesho 120 yanayokidhi vigezo. Watumishi wa kwanza walipofika hapo mwaka 2017 na kuomba, wengi mno walikataliwa, baadhi kwa sababu tu aina ya mkopo au mpango wao wa malipo haukuwa ule uliotajwa na sheria. Watu walikuwa wamelipa miaka yote hiyo kwa uaminifu! Ipo pia huko ruzuku ya serikali kwa wanaosomea ualimu, iitwayo TEACH, hadi dola 4,000 kwa mwaka, inayomtaka mpokeaji afundishe somo lenye uhaba katika shule za wenye kipato cha chini kwa miaka minne ndani ya minane. Asipotimiza, ruzuku inageuka mkopo wenye riba tangu siku alipoipokea. Ni msaada wa kweli kwa anayejua atafundisha wapi, na ni hatari kwa asiyejua.

Ndiyo maana sikubali kijana aambiwe aukimbie ualimu kwa sababu ya uwiano mmoja. Aambiwe aanze na ngazi ya mshahara ya mahali anapotaka kufundisha, atafute rejesho analoweza kubeba katika ngazi ya kwanza, kisha achague chuo kinacholingana na rejesho hilo, mradi shahada yake inatambuliwa na mamlaka inayosajili walimu. Vijana wengi hufuata mpangilio wa kinyume, na hakuna mtu mzima aliyewazuia.

Ombi langu kwa vyuo ni dogo. Kwenye fomu ya kozi ya ualimu, pembeni ya ada, kichapwe kiwango cha mshahara wa mwalimu anayeanza kazi na rejesho la mwezi kwa mwanafunzi atakayekopa ada yote. Ni mistari miwili tu, na taarifa zote wanazo. Gazeti lako nalo likichapisha ngazi hizo kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, wazazi watapata pa kuanzia.

Wako,
Mwalimu na msomaji wa gazeti hili