Terbiumu, floridi na maji ya Goma

Bwana Mhariri,

Makala yenu juu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya 2025, waliyopewa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa viunzi vya metali na molekuli za kaboni, ilinivutia. Ila mlipofika Kivu mliiita koltani metali ya ardhi adimu. Koltani ya migodi ya Rubaya hutoa tantali na niobi; zote mbili hazimo katika zile metali 17. Sayansi hii ya viunzi inatugusa kwingine: kwenye bidoni la maji.

Wakaaji wa chini ya Nyiragongo na Nyamulagira wanayajua meno ya watoto yenye madoa ya kahawia. Ni floridi hiyo, namna ya florini iliyoyeyuka majini, ambayo ikizidi huharibu meno. Moshi wa volkano huibeba, mvua huiteremsha juu ya mabati tunayokingia maji, na chemchemi za kwenye lava nazo zinayo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita.

Sasa terbiumu, mojawapo ya zile metali 17, inayoweza kutuonyesha floridi hiyo. Nitrati yake ikiyeyushwa pamoja na asidi ya trimesiki, ambayo ndiyo molekuli ya kaboni, na kupashwa moto katika chombo kilichofungwa, hutokea kiunzi cha namna hiyo: fuwele zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukizimulika kwa miale ya urujuanimno, zinang'aa kijani. Terbiumu yenyewe hunyonya mwanga kidogo mno. Asidi ndiyo inayoupokea na kuipitishia. (Ukiweka yuropiumu, rangi ni nyekundu.) Sehemu ya nguvu hiyo hupotea kwa mitikisiko ya oksijeni na hidrojeni za kimiminika kilichomo vitunduni. Floridi ikiingia huzishika hidrojeni hizo, mitikisiko ikapungua, kijani kikazidi. Mwanakemia Banglin Chen na wenzake walilionyesha jambo hilo mwaka 2008.

Lakini walitumia metanoli, si maji, na hapo ndipo penye kazi. Maji yamejaa mitikisiko ya aina hiyohiyo, tena viunzi vingi huharibika vikilowa. Simwambii mtu aache elektrodi ya floridi, kipimo kinachoaminika. Ila mwanafunzi wa kemia anayetafuta mada ya TFC (kazi ya kumalizia masomo), ningemshauri hii kabla hajaandika tena juu ya bei ya koltani. Terbiumu itabidi iagizwe. Tanuri ndogo na taa ya urujuanimno si vitu vya ajabu, na maji ya mvua ya Rusayo, hapa karibu na Goma, hayahitaji kuagizwa.

Mwalimu wa kemia,
Goma