Mjomba, ule ukuta ni shamba

Mjomba, shikamoo.

Jumapili nilipokuja Kiwira, konda aliita, "Wa nyumba nyekundu, shuka!" Miaka yote tulisema "kwa bibi, penye mparachichi." Mparachichi upo, matawi yanagusa bati, ila hakuna anayeutaja tena.

Nilisimama nikautazama ukuta. Kampuni imepaka rangi nyekundu ya tangazo lake hadi kwenye fremu za dirisha la chumba cha bibi. Pale konani, kila Krismasi, alikuwa anatupima kimo na kukwaruza alama kwa msumari. Nilipapasa. Mikwaruzo ipo chini ya rangi. Wangu unanifika kiunoni.

Ulisema wamekusaidia, maana ukuta ulikuwa umechakaa na rangi ni ghali. Sikulaumu. Lakini mjomba, wewe unakodisha mashamba ya viazi kule Isongole. Mtu akikuomba ekari apande bure, kwa kuwa tu amekufyekea majani, utampa? Barabara ya Uyole kwenda Kasumulu inapitisha mabasi na malori ya Malawi kutwa kucha, na kila dereva anausoma ukuta wako. Wanaoweka mabango pale Mwanjelwa wanalipia. Wewe umepewa fulana na kofia.

Najua matangazo yako kila mahali. Ligi Kuu yenyewe inabeba jina la benki, NBC, na ukisikiliza mpira redioni hata kona ina mdhamini. Simu ikiita ujumbe nadhani ni mama, kumbe ni bahati nasibu. Hayo siwezi kuyazuia. Nyumba ya bibi tunaweza.

Kilichoniuma hasa ni mjukuu wako. Nilimwandikia "mama" mchangani, akashindwa. Akanivuta mkono hadi ukutani, akasoma jina la kampuni bila kukosea hata herufi. Kisha akaniimbia tangazo la kubeti, lote, mpaka yale maneno ya mbiombio ya mwisho kwamba mchezo huu si wa walio chini ya miaka 18. Ana miaka mitano, mjomba.

Jumamosi nakuja na ndoo ya rangi nyeupe na brashi mbili. Kama kuna karatasi ulisaini, itafute, tuisome wote kabla sijafungua ndoo. Ile kona ya bibi usiiguse. Nitaikwangua mwenyewe, taratibu.