Barua kwa Zuhura: fedha ya kutafiti uzee inatoka wapi

Area C, Dodoma
Septemba 2025

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako ilinifikia kwa mkono wa kondakta wa basi la Kondoa pamoja na ule ufuta. Ahsante sana. Sisi wazima. Mama naye hajambo, sukari imeshuka kidogo na miguu haivimbi kama ilivyokuwa mwezi wa Ramadhani ulipokuja.

Suala lako nimelielewa. Kwenye kikao cha asasi yenu mwalimu mstaafu alisimama akasema taasisi za Marekani zinazotafiti uzee ni matapeli, wanachangisha fedha kwa kuwaahidi watu hawatakufa, na kwamba asasi ya wazee ya Kondoa isithubutu hata kutaja habari za utafiti kwenye mpango kazi wake. Vijana wakaja juu. Wewe mwenyekiti ukaahirisha kikao ukaniandikia, kwa kuwa kazi yangu ni kukagua vitabu vya asasi. Nakujibu kama mkaguzi, na pia kama binti mwenye mama mzee nyumbani.

Niseme mapema nilichokitazama. Ahadi kila asasi inazo, kwa hiyo nimeziacha pembeni, nikatazama fedha: inatoka kwa nani, ina masharti gani, na inaisha lini. Utafiti wa uzee ni kazi ya miaka mingi na mfadhili anasaini mkataba wa miaka miwili au mitatu. Taasisi hizi husimama au huanguka hapo, na asasi yenu nayo itasimama au kuanguka hapo hapo.

Hilo la kutokufa nalimaliza haraka. Wapo wenye maneno makubwa, mwalimu hakukosea. Lakini watafiti wengi wanauliza jambo la kawaida kabisa: kwa nini mtu akifika miaka 70 shinikizo la damu, sukari, moyo, macho na kusahau vinamjia kwa mkupuo, na kijana havimpati? Ikiwa uzee ndio mzizi wa yote hayo, je, unaweza kucheleweshwa? Mwaka 2009 maabara tatu za Marekani, chini ya mpango wa Taasisi ya Taifa ya Uzee ya serikali yao, zilitangaza matokeo ya panya waliopewa dawa iitwayo rapamaisini wakiwa na umri wa siku 600, yaani wakiwa tayari wazee. Ukipima kwa umri ambao panya tisa kati ya kumi walikuwa wameshakufa, majike waliongeza asilimia 14 na madume asilimia 9. Jaribio lilifanywa na maabara zote tatu kwa makusudi, ili moja ikikosea nyingine ziiumbue. Mimi mkaguzi nimeupenda sana utaratibu huo. Tapeli hawezi kukubali kukaguliwa mara tatu.

Sasa njoo kwenye kidonge cha mama. Unamjua, akishamaliza uji wa uwele anakaa kibarazani, anafungua kijimfuko chake cha kitenge, anatoa metfomini, dawa yake ya sukari. Kidonge kikubwa, cheupe. Anakivunja kwa kucha ya kidole gumba kwa sababu kizima kinamkwama kooni, anameza nusu, anapumzika, anameza nusu ya pili. Duka la dawa lolote hapa mtaani wanacho na bei yake hata mimi haijawahi kunitisha. Kidonge hicho hicho ndicho Profesa Nir Barzilai wa New York na wenzake, pamoja na Shirikisho la Marekani la Utafiti wa Uzee, wanataka kukijaribu kwa watu 3,000 wenye miaka 65 hadi 79 wasio na sukari, katika vituo 14, kwa takriban miaka sita, waone kama kinachelewesha magonjwa ya uzee kwa pamoja. Mpango umeandikwa vizuri na umejadiliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani tangu 2015. Kilichoukwamisha miaka yote hii ni fedha. Hati miliki ya metfomini ilishakwisha, kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza, hivyo hakuna kampuni itakayotoa mamilioni ya dola kuthibitisha dawa ambayo kesho jirani yake ataiuza kwa bei ya chini. Faida itamwendea mgonjwa, na mgonjwa hana hisa kwenye kampuni.

Hii ndiyo sababu ya kuwepo kwa taasisi zisizo za faida kwenye jambo hili. Soko halifiki pale, na serikali inafika kwa kuchelewa.

Nikueleze mbili, maana kila moja inafundisha kinyume cha nyingine.

Ya kwanza ni Taasisi ya Buck, iko mji wa Novato, California. Mwanzo wake ni mjane, Zuhura. Beryl Buck, mke wa daktari, alifariki mwaka 1975. Aliacha hisa za kampuni ya mafuta iitwayo Belridge, ambazo wakati ule zilihesabiwa kama dola milioni 10 hivi, na wosia unaosema mapato yatumike kwa wahitaji na kwa shughuli za hisani, dini na elimu katika wilaya ya Marin. Mwaka 1979 kampuni ya Shell ikainunua Belridge kwa dola bilioni 3.65, na mali ya marehemu ikapanda ghafla kupita dola milioni 250. Marin ni wilaya ya matajiri. Wadhamini wakaenda mahakamani kuomba ruhusa ya kutumia sehemu ya fedha kwenye wilaya jirani zenye maskini wengi. Ukisikiliza moyo unasema wapewe tu. Lakini kesi iliisha mwaka 1986 kwa wosia kubaki kama ulivyoandikwa, udhamini ukahamishiwa taasisi nyingine ya Marin, na ikakubaliwa sehemu ya mapato iende kwenye miradi mikubwa iliyo ndani ya wilaya lakini yenye manufaa kwa watu wote. Mmojawapo ni utafiti wa uzee. Taasisi ikafungua milango mwaka 1999, majengo yamechorwa na msanifu majengo I. M. Pei.

Wewe mtu wa Kondoa nisikufundishe wakfu. Mali inakaa, mapato yake yanatumika, mwenyewe hayupo lakini sharti lake lipo. Nilipoisoma habari hii niliguswa kwa kweli: mwanamke ambaye hakuwa mtafiti ameajiri watafiti kwa zaidi ya miaka ishirini na tano baada ya kufa kwake. Na usidhani wakfu peke yake unatosha. Sehemu kubwa ya bajeti ya Buck ni ruzuku za serikali kuu ya Marekani zinazoombwa kwa ushindani. Lakini ruzuku ikichelewa, taa haizimwi siku hiyo hiyo. Panya wa jaribio la miaka mitatu wanaendelea kulishwa.

Ya pili ni SENS Research Foundation, ilianzishwa mwaka 2009, Mountain View, California hiyo hiyo. Shabaha yao ni kukarabati uharibifu unaojikusanya mwilini, wakiugawa makundi saba. Hawa ndio wenye maneno makubwa anayoyasema mwalimu. Fedha yao ilitoka kwa watu wachache wenye mapenzi makubwa. Mwanzilishi mwenyewe, Aubrey de Grey, aliporithi dola milioni 16.5 kwa mama yake, alitoa takriban milioni 13 kwa taasisi. Mtu anayetoa urithi wake namna hiyo simwiti tapeli, hata kama maneno yake yananipita kimo. Mwaka 2021 wachangiaji wa sarafu za kidijitali wakawamwagia zaidi ya dola milioni 20 kwa mkupuo. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, bodi ikamwondoa de Grey, akaenda kuanzisha taasisi yake. Na ilipofika 2024 SENS ikaungana na asasi nyingine, na jina jipya likawa Lifespan Research Institute.

Sisemi waliiba. Asasi za namna hiyo kule hazilipi kodi ya mapato, lakini kila mwaka zinajaza fomu ya 990, yaani taarifa ya mwaka kwa mamlaka ya kodi, ambayo mwananchi yeyote ana haki ya kuiona, pamoja na mishahara ya wakubwa. Ninachokisema ni kwamba mapato yanayopanda mlima mwaka mmoja na kushuka bondeni mwaka unaofuata ni magumu kuyaendesha kwa kazi isiyojua haraka. Ukiajiri kwa fedha ya mwaka wa neema, utampa nini mtafiti mwaka wa tatu?

Mambo haya siyasomi tu. Januari mwaka huu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, nilikuwa nakagua asasi moja hapa mjini ambayo mapato yake yote yalitoka kwa mfadhili mmoja. Benki salio lilionekana, tena zuri, lakini kila shilingi ilikuwa na jina la mradi juu yake na hairuhusiwi kulipa hata luku ya umeme. Wahudumu wa jamii walikuwa wanakuja asubuhi wanakaa kwenye benchi nje wakisubiri posho ya mwezi uliopita. Mhasibu wao, kijana mwaminifu sana, alinionesha kitabu: safu ya fedha yenye masharti imejaa, safu ya fedha huru haina kitu. Hati yao ya ukaguzi ilikuwa safi. Walifunga wakiwa na hati safi.

Ndiyo maana nakereka ninaposikia wanakamati wakijisifu kwamba asasi yao haina gharama za uendeshaji. Nani analipia mhasibu, mlinzi, umeme wa friji? Hata kule bishano ni hilo hilo: Februari mwaka huu serikali yao ilitangaza kwamba gharama za uendeshaji kwenye ruzuku za utafiti wa afya zisizidi asilimia 15, vyuo na majimbo wakaenda mahakamani, mahakama ikazuia. Ninyi kwenye bajeti yenu mmeandika sifuri. Futeni. Andikeni kiasi cha kweli na mkitetee.

Sasa yenu. Kwa maoni yangu mwalimu abaki na tahadhari yake na vijana wabaki na hamu yao, ila utafiti msiutoe kwenye mpango. Wazee wetu wanaongelewa bila kupimwa. Pale wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walipopimwa wenye miaka 70 na kuendelea nyumba kwa nyumba, karibu asilimia 70 walikutwa na shinikizo la damu, na wengi hawakuwa wakijua. Hilo lilijulikana kwa sababu kuna mtu alibeba kipimo akaenda hadi mlangoni. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema mzee asiyejiweza atibiwe bure, na dirisha la wazee hospitalini kweli lipo, lakini mama akifika mara nyingi anaandikiwa akanunue nje. Zanzibar tangu 2016 wanamlipa kila mwenye miaka 70 na kuendelea pensheni bila kuuliza aliajiriwa wapi. Huku Bara bado tunadai. Daftari lenu la vipimo vya wazee wa Kondoa, likiandikwa vizuri mwaka hadi mwaka, litakuwa na nguvu kwenye madai hayo kuliko maandamano.

Kwa hiyo kile kiwanja cha karibu na soko ambacho familia ya marehemu Mzee wenu wanataka kukitoa, msikiuze kununua gari. Nimeona vijana wameandika gari. Jengeni fremu mbili za maduka hata kwa tofali za kuchoma, kodi yake ndiyo ilipe muuguzi na karatasi za kipimo cha sukari, na mfadhili akija awakute mnatembea. Wadhamini wasajiliwe RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na sharti la matumizi liandikwe kwa maneno yasiyobana mno. Msiandike "kununua mashine za shinikizo", andikeni "afya na ustawi wa wazee". Wosia wa Beryl Buck ulitaja wilaya, ukawaponza wadhamini miaka kadhaa kortini, lakini haukutaja kazi moja tu, na upana huo ndio uliozaa taasisi. Bodi isiwe ya ukoo mmoja. Mwenyekiti asiwe mtia saini wa benki peke yake, hata kama mwenyekiti ni wewe, rafiki yangu.

Taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa zipelekwe kwa Msajili wa asasi kwa wakati, na nakala mbandike ukutani ofisini kwenu, kwa Kiswahili, ili huyo mwalimu azisome akiwa amesimama pale. Nahisi ndiye anayefaa kuwa mweka hazina wenu.

Nitumie katiba ya asasi, nakala ya hati ya kiwanja na daftari la fedha taslimu la mwaka huu kwa gari la asubuhi, nitalifuata mwenyewe stendi. Ukaguzi wa mwaka wa kwanza nitaufanya bila malipo, ila mwandike thamani yake kwenye vitabu kama mchango.

Mama anakusalimu, anauliza kama mlenda mkavu bado upo. Msalimie Bibi na watoto wote.

Wako daima,
Neema