Risala ya Wazalishaji Wadogo kwa Mgeni Rasmi, Dundee

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mama Mwenyekiti,
Wakulima wenzetu wa Blairgowrie na wakaushaji samaki wa Arbroath,
Wazazi, vijana, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumekungojea tangu Juni, kwa sababu wewe ndiye unayeamua ni chakula gani cha Scotland kitapanda kwenye rafu za supamaketi yenu na kipi kitaishia mlangoni. Ulipokubali mwaliko uliomba risala isomwe kwa Kiswahili, kama tunavyofanya siku zote kwenye shughuli zetu, na binti yetu aliyeketi kando yako akufasirie. Heshima hiyo tumeipokea kwa mikono miwili.

Kikundi chetu kilizaliwa shambani. Wanawake wanne, wa Mombasa, Tanga, Mwanza na Bujumbura, walikutana wakichuma rasiberi Blairgowrie, kwenye mashamba ambayo watu wa Dundee wameyaendea kwa vibarua vya msimu tangu enzi za bibi zao. Jioni waliuziwa kwa bei ya chini yale yaliyoiva kupita kiasi, wakayapikia jamu nyumbani. Leo tuko kumi na tisa, tuna jiko la kukodi, na tunauza jamu ya rasiberi na achari ya karoti.

Naomba nikae kidogo kwenye tunda lenyewe, maana ombi letu limefichika humo. Rasiberi za aina ya Glen Ample na Glen Moy zilitokana na kazi ya watafiti wa Invergowrie, hapo ukingoni mwa mji huu. Ni tunda la ardhi hii na mvua hii. Lakini halina subira: lichume asubuhi, kesho kutwa limelegea na linavuja maji. Kwa hiyo tunapika siku ile ile, sufuria ndogo ndogo. Tunadondosha tone kwenye sahani ya baridi, tunalisukuma kwa kidole. Likikunjamana juu kama ngozi ya maziwa, jamu imeiva, na wote jikoni wananyamaza mpaka chupa zijae.

Kutoka shambani hadi duka lenu lililo karibu na hapa si mwendo wa saa moja kwa gari. Hata hivyo, chupa yetu ikitaka kuingia dukani humo sharti kwanza ipelekwe bohari kuu, ishushwe, ipangwe, ipakiwe lori jingine, ndipo irudi ilikotoka. Nauli ya mzunguko huo inakula faida yote. Mheshimiwa, hili ndilo ombi letu kubwa kuliko yote: maduka yenu ya Dundee, Perth na Arbroath yaruhusiwe kupokea mzigo wa wazalishaji wa jirani moja kwa moja mlango wa nyuma. Tunaweza kuleta kila Jumanne na Ijumaa. Makaratasi tunayo. Cheti cha SALSA, cha usalama wa chakula kwa wazalishaji wadogo, tumekaguliwa tukakipata, na kwa kuwa achari yetu ina haradali, ambayo ni mojawapo ya vyakula 14 vya mzio vinavyotakiwa na sheria kutajwa, lebo inaitaja kwa herufi nzito.

Hatuji kwako na malalamiko matupu. Mnapoweka bidhaa za Scotland mahali pa kuonekana, hasa katika msimu huu wa chakula na vinywaji vya Scotland wa mwezi Septemba, wateja wanazichukua, na tumeona kwa macho yetu mzalishaji aliyepata oda ya mwaka mzima akienda benki kwa ujasiri na kurudi na mkopo wa tanuri jipya. Hiyo ni kazi njema na tunaishukuru. Tunachoomba ni kwamba Oktoba nayo itukute kwenye rafu.

Mwenzetu mmoja, anayeoka keki, aliwahi kuchukuliwa na kampuni moja kubwa ya maduka. Akaajiri wasaidizi wawili, akachapisha lebo elfu sita. Miezi minne baadaye ikaja barua pepe ya mistari mitatu kwamba keki yake imeondolewa, mwisho ni Jumamosi. Maboksi ya lebo bado yako chini ya meza jikoni. Watoto wetu huchora nyuma yake tukiwa kazini, na kila nikiokota karatasi moja sakafuni moyo unaniuma, kwa sababu nawakumbuka wale wasaidizi wawili.

Tunajua ipo kanuni ya ugavi wa vyakula ya Uingereza, iliyoanza 2010, na mwamuzi wake aliyewekwa kwa sheria ya 2013. Inazitaka kampuni kubwa zilipe kwa wakati na zitoe notisi ya kutosha kabla ya kumwacha mzalishaji. Lakini inamlinda yule anayeiuzia supamaketi mwenyewe. Mkulima anayemuuzia mfungashaji, na huyo mfungashaji akawauzia ninyi, hayumo. Wengi walioketi ukumbini humu ni wa kundi hilo. Basi waandikieni mfungashaji wenu sharti hilo hilo: notisi ya majuma kumi na mawili, na malipo ndani ya siku thelathini. Sheria ya 2022 ya Scotland kuhusu taifa la chakula bora imeitaka serikali, halmashauri na bodi za afya ziwe na mipango ya chakula. Rafu zimebaki mikononi mwenu.

Na ile bendera ya Scotland, ya buluu yenye msalaba mweupe, tunaomba ibandikwe tu kwenye kilicholimwa, kilichofugwa, kilichovuliwa au kilichotengenezwa hapa. Wenzetu wa Arbroath wametufundisha thamani ya jina. Tangu 2004 jina la Arbroath Smokie, samaki wao wa moshi, limelindwa, na samaki wake lazima akaushwe ndani ya kilomita 8 kutoka mjini kwao. Wanafungwa mikia wawili wawili kwa uzi, wananing'inizwa kwenye kijiti juu ya moto wa mti mgumu, wanatoka na rangi ya shaba. Mama yetu wa Mwanza alipoonja mara ya kwanza alifumba macho akamtaja sangara wa moshi wa kwao, kisha akanunua jozi nne.

Mheshimiwa, meza yetu ni ya pili kutoka mlangoni. Mkate umeshakatwa, jamu ni ya Julai, na jozi ya samaki wa Arbroath imetolewa motoni asubuhi hii. Karibu uonje kabla hawajapoa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi